Keki ya Njano Tuliyompelekea Koko

Wiki mbili zilizopita mfanyakazi mwenzangu alirudi kutoka likizo. Tunafanya kazi pamoja katika nyumba ya kutunzia wazee huku Clintonville, mtaa wa Columbus, yeye zamu ya asubuhi, mimi ya mchana, na tunapopokezana huwa tunakutana dakika chache kwenye chumba cha mapumziko. Alikuwa amekwenda Indonesia kuwaona wazazi wa mumewe. Aliweka boksi la karatasi mezani, akakata utepe kwa kisu cha plastiki, na kabla sijaona kilichomo pua yangu ilikwisha kujua: majani ya ndimu, tui la nazi, na harufu ya hamira iliyokaa. Nilisema nimesahau kitu kwenye gari. Nikakaa huko na mlango wazi, nikilia, mtu mzima mwenye sare na kitambulisho kifuani.

Nyinyi wa rika langu, ambao wazazi wenu walishuka kwenye ndege wamekumbatia ule mfuko mweupe wa plastiki wenye karatasi za ukimbizi za familia nzima, mtanielewa. Tulijua Kiingereza kabla ya mama zetu. Tukawa midomo yao hospitali, shuleni na kwa mwenye nyumba, na kwa kuwa tulijua kusoma barua, tukadhani tunajua kila kitu. Mimi nilikuwa hodari sana katika ujinga huo.

Wakati huo, nikiwa ndiyo kwanza nimeanza shule, tuliishi Louisville, mama na mimi, wawili tu. Baba sikumjua. Mama alifungasha mizigo kwenye ghala moja kule Jeffersontown, akirudi miguu imevimba na mikono inanuka gundi ya maboksi. Jumapili baada ya ibada alimpigia simu Koko, yaani bibi yangu, mama yake mzazi. Koko na mjomba walibaki katika kambi ya wakimbizi miaka mingi baada yetu, na walipokuja walipelekwa Buffalo. Mama alikuwa hajamwona mama yake tangu kambini. Mimi sikumkumbuka kabisa. Nilimjua kwenye simu kama paji la uso na kitambaa cha kichwa, kwa sababu hakuwahi kujifunza kuishika simu sawasawa. Kila mara aliniuliza nimekula nini, nami nilimjibu kwa Kiingereza, mama akalazimika kumtafsiria.

Muda mfupi baada ya Noeli Koko aliacha kula. Mjomba Yeremia alisema wamempa uji, supu, mtindi wa dukani, anafunga mdomo na kugeukia ukutani. Daktari amesema akila atapata nguvu. Mama aliwarudia maneno hayo watu wote waliopiga simu: akila tu, atapona. Nami nikayashika hivyo hivyo. Kisha asubuhi moja mjomba akapiga akasema Koko amezidiwa, mama aje. Mama aliomba ruhusa kazini, akapewa siku nne, tukapanda basi. Njiani tungelala Columbus kwa mdogo wake, Tantine Neema, ili kesho yake twende Buffalo sote watatu.

Lazima niseme hapa jambo ambalo mama na mimi hatukulijua tulipopanda lile basi. Koko alikuwa amekwisha kufariki alfajiri ya siku hiyo. Kwetu, sisi tuliotoka milima ya Kivu Kusini, habari ya kifo haambiwi mtu aliye njiani. Unamwambia mgonjwa amezidiwa. Unamwacha asafiri, afike, avue viatu, apewe maji, akae katikati ya watu watakaomshika, ndipo mkubwa wa familia amwambie. Watu wetu wanaona hiyo ni huruma, na siku hizi siwezi kuwabishia. Basi wakubwa wa Buffalo walikuwa wamekwisha kumpigia Tantine na kumwagiza kwamba dada yake akipita kwake asijue.

Tantine alisafisha madarasa ya chuo kikuu na aliishi hapo karibu, kwenye nyumba ya ghorofa iliyojaa wanafunzi. Makochi yake yote aliyaokota kando ya barabara wanafunzi walipohama. Alimkumbatia mama mlangoni kwa muda mrefu mpaka nikachoka kusimama. Kisha akamwomba simu yake aichaji, akaipeleka chumbani, na akasema bahati mbaya intaneti imekatika tangu jana. Nikamwambia haijakatika, mbona televisheni inaonyesha video za kwaya. Tantine akaizima televisheni. Nilijiona nina akili sana.

Jioni ile ile aligonga mlango jirani wa juu, mwanafunzi aliyeitwa Rini. Alikuwa amerudi juzi yake kutoka kwao Medan, Indonesia, na mkononi alikuwa na sahani yenye vipande vya keki. Alieleza, nami nikatafsiri kwa madaha yangu yote, kwamba kwao mtu hawezi kutoka safari mikono mitupu. Lazima alete chakula cha mahali alikotoka, ili waliobaki nao wapate kuionja safari. Kila mji una chakula chake cha kubeba, na watu wa Medan hubeba hii. Inaitwa bika Ambon, alisema, ingawa Ambon ni kisiwa kingine mbali kabisa, na huko Ambon hawaipiki, wala hakuna anayejua kwa hakika jina lilitoka wapi. Nilipomtafsiria mama hilo, alicheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani.

"Donc iko kama sisi," alisema. "Banatuita kwa jina ya fasi, na benye fasi banasema hatutoke pale."

Kwa Kiswahili cha kwetu fasi ni mahali; alikuwa anasema juu ya watu wetu, wanaoitwa kwa jina la mlima na kuambiwa si wa huko. Hilo sikulitafsiri. Sikulielewa, na nilikuwa na haraka ya kula. Keki yenyewe ilikuwa ya njano kama bizari, juu imeiva kahawia, na ndani imejaa matundu membamba yaliyosimama wima, maelfu kwa maelfu. Ilivutika kidogo kwenye meno. Haikufanana na keki za Amerika zinazokuwa povu mdomoni. Kwanza ulipata utamu, halafu nazi, halafu mwishoni kabisa, ukishameza, yale majani ya ndimu yalipanda puani. Nilikula kipande changu, nikalamba vidole, nikakodolea macho cha mama.

Mama alikuwa amekishika chake karibu na uso, anatazama yale matundu. Kule kwetu Koko alikula asali ya msituni, ikiwa bado kwenye masega. Tangu aje Amerika alikuwa anaililia asali hiyo, na asali ya chupa aliikataa, alisema ni sukari ya watu wavivu.

"Hii Mama atakula," alisema mama. "Angalia, iko sawa masega."

Tantine alimsihi aonje. Mama akarudisha kipande kwenye sahani na kusema chake atakula na mama yake, Buffalo. Kisha akaniagiza nimuulize Rini mahali inapouzwa. Rini alisema kwa upole kwamba hapa haiuzwi. Tantine akasimama ghafla, akamtoa Rini nje, akaurudisha mlango nyuma yao. Walikaa kwenye ngazi kitambo. Rini aliporudi alikuwa na boksi zima, bado limefungwa utepe, na macho yake yalikuwa mekundu. Alimkabidhi mama kwa mikono miwili huku ameinamisha kichwa. Mimi nilijua sababu: nilikuwa nimetafsiri vizuri mno.

Mama alilifunga boksi kwa karatasi ya foili, juu ya foili akazungusha kitenge. Tantine alimtazama akifunga, mara akaingia bafuni, na tukasikia bomba la maji likimwagika mpaka nikadhani amelisahau. Nilimwonea hasira. Nilidhani ameitamani keki na ananuna kwa sababu haachiwi hata kipande. Niliamua kuilinda. Kwa hesabu yangu mambo yalikuwa wazi: Koko haponi kwa sababu hataki kula, na hataki kula kwa sababu hajapata chakula kinachofaa, na chakula hicho sasa tunacho. Nililala nimekumbatia dawa ya bibi yangu.

Asubuhi Tantine alimrudishia mama simu kwa sababu mama aliidai mara tatu. Kwenye basi mama alikaa dirishani, mimi pembeni yake, Tantine ng'ambo ya njia. Nje kulikuwa na theluji chafu, mashamba yaliyokatwa, mabango ya barabara niliyoyasoma kwa sauti ili abiria wajue ninasoma. Boksi lilikuwa mapajani mwa mama. Tulipokuwa tunaikaribia Cleveland alisinzia, mikono ikalegea, na boksi likateleza upande wangu.

Sina la kujitetea. Nililegeza kitenge, nikapasua foili kwenye kona, nikaingiza vidole viwili chini ya kifuniko. Nilimega kipande kisichozidi kidole gumba. Sikukitafuna, nilikiacha kiyeyuke polepole nikiwa nimeangalia mbele kama mtu anayesali. Kisha nikarudisha kitenge, vibaya. Nilikuwa bado nina harufu ile puani simu ya mama ilipolia.

Tantine alinyoosha mkono kuidaka lakini mama alikuwa amekwisha kuamka na kuipokea. Aliyepiga alikuwa mwanamke mmoja wa kwaya yetu ya Louisville. Habari zilikwisha kufika kule, na huyo mwanamke, kwa kuwa tuko safarini kuelekea Buffalo, aliamini kwamba tunajua tunakwenda kwenye nini. Alipiga kutoa pole. Mama alisikiliza. Alisema ndiyo, akasema ndiyo tena, akasema asante, Mungu akubariki, kwa sauti ile ile ya kumjibu msimamizi wake kazini. Akakata simu. Akageuka kumtazama Tantine juu ya kichwa changu.

"Ulijua," alisema.

"Bakubwa balinikataza, yaya," alijibu Tantine. Yaya ndivyo alivyomwita siku zote, kwa kuwa ni mkubwa wake.

Tantine alinyoosha mkono kuvuka njia, mama akaushika, na wote wawili machozi yakawatoka kimya kimya, mama ameukaza mdomo. Kwanza niliogopa, nikadhani wameona kona iliyochanika. Lakini hakuna aliyenitazama. Ndipo nikafikiri. Kanisani kwetu watu wazima walilia zaidi siku za furaha kuliko siku nyingine zote. Mtu akipata kazi, analia. Watoto wake wakiruhusiwa kuja, kanisa zima linalia. Simu imetoka kwa watu wanaomwombea Koko. Mama amesema asante na Mungu akubariki. Basi Koko amepona.

Kama bado nilikuwa na wasiwasi, mama aliumaliza mwenyewe. Alifungua kitenge, akaitoa foili, akaona ilipochanika. Aliweka boksi mapajani mwangu.

"Bon, kula," alisema. "Kula yote."

"Na ya Koko?"

"Kula kwanza."

Nikala. Mungu anisamehe, nilikula kwa furaha ambayo sijui kama nimeipata tena kwenye chakula chochote. Koko amepona, haihitaji tena, na wizi wangu umefutwa. Nilimega kwa vidole, nikahesabu matundu, nikaimba kidogo, nikachungulia ziwa kila lilipojitokeza kati ya miti. Mama alikuwa ananitazama kila ninapopeleka mkono mdomoni, kipande baada ya kipande, na nilipotaka kuacha kwa sababu tumbo limejaa, alinisukumia boksi taratibu. Tulipoingia Buffalo lilikuwa limebaki boksi tupu na karatasi yenye mafuta.

Giza la saa kumi na moja lilikuwa linaingia. Mlangoni kwa mjomba kulikuwa na viatu vingi sana, vimepangwa mpaka kwenye ngazi, vingine vimefunikwa na theluji, nami nikafurahi kwamba wageni wote hawa wamekuja kushukuru. Ndani makochi yalikuwa yameondolewa. Kulikuwa na magodoro sakafuni, na wanawake wamekaa juu yake na vitenge mabegani. Mjomba Yeremia alimwongoza mama akae, akaagiza maji, akauliza habari za barabara, akauliza kama basi lilikuwa na joto. Mama alijibu yote. Alikunywa maji. Alikuwa anamwachia kaka yake nafasi ya kusema kama inavyotakiwa, na alikuwa amejifunga kwa nguvu zake zote ili afike hapo. Mzee mmoja alisimama aombe kabla mjomba hajasema neno lenyewe.

Mimi ndiye niliyesema. Safari hii nilisema kwa Kiswahili, ili Koko aliye chumba cha ndani anisikie na ajivunie mimi.

"Koko iko wapi? Nilikula keki yake yote."

Sijui ni nani aliyeanza. Nakumbuka sauti ya mama tu, sauti ambayo sikujua kwamba anayo, na wanawake wakimwangukia pande zote, na mjomba amesimama mdomo wazi na neno lake halijatoka. Mwanamke mmoja alinibeba akanipeleka jikoni, akaniweka juu ya kaunta kati ya masufuria ya watu, akaniambia kwa Kiingereza, taratibu, kama tunavyoambiwa shuleni. Nilitapika kwenye sinki, vitu vya njano.

Tulimzika Koko kwenye ardhi iliyoganda kwa baridi, iliyobidi kupasuliwa kwa mashine. Tukarudi Louisville siku ya nne, mama akaingia kazini siku ya tano. Hakunigombeza kamwe. Hakutaja keki. Na kwa kuwa hakuitaja, nilijua kwa nini. Dawa ilikuwa nzima, nikaibomoa kona, na simu ikalia. Nilikuwa bado nina harufu yake puani. Mama akanilisha yote kwa kuwa dawa iliyoguswa haina kazi tena. Niliibeba imani hiyo shule ya msingi yote na sehemu kubwa ya sekondari. Hata baada ya kujua siku aliyofariki Koko, hata baada ya kuweza kuhesabu kwamba alikuwa amekufa kabla hatujapanda basi Louisville, bado kuna mahali ndani yangu hesabu hiyo haikufika. Mwaka niliohamia Columbus, Tantine aliniambia alichomweleza Rini kwenye ngazi. Alimwambia kwamba mama yao amefariki na dada yake hajui. Lile boksi alilotoa kwa mikono miwili lilikuwa rambirambi. Tulimpelekea Koko keki ya msiba wake mwenyewe, nami nikailinda usiku kucha.

Basi siku ile ya zamu, kwenye gari, nilifuta uso, nikarudi ndani, nikamwomba mwenzangu kipande changu nikile nyumbani. Jumamosi niliendesha gari mpaka Louisville. Mama bado yuko kwenye ghala lile lile, ila sasa anakaa kwenye kiti na kubandika lebo. Nilikiweka kipande mezani mbele yake kikiwa kwenye kitambaa cha karatasi. Alikitambua kabla sijakifunua, nikaona mabega yake yanashuka. Nikamwambia yote: kona, vidole viwili, ukubwa wa kidole gumba, simu. Nikasimama mbele yake kama mtoto anayesubiri fimbo.

"Nilijua," alisema mama. "Ulikuwa na makombo ku jaketi."

Nikamuuliza basi kwa nini alinilisha. Alisema asingeweza kuingia matangani na boksi la keki mkononi kama mtu anayekwenda harusini, na chakula cha mama yake asingeweza kukitupa kwenye pipa la basi. Alitaka kiingie kwenye tumbo la mtu wa damu yake. Alisema pia alitaka nile nishibe kabla sijajua, kwa sababu nikishajua sitakula. Nikamwambia kwamba miaka yote hii nimeamini nilimuua Koko. Mama akaanza kulia. Machozi yake hayakuwa na sauti, kama yale ya kwenye basi.

Kisha akamega kipande kidogo, akakiweka mdomoni. Alikuwa hajawahi kuionja. Alitafuna polepole, akasubiri, na nilijua anasubiri nini, yale majani yapande puani. Yalipopanda alifumba macho.

"Mama hangekula hii," alisema mwishoni. "Angenusa tu, angesema iko muzuri. Kisha angekupa we."

Hakula tena. Alikunja kitambaa juu ya kile kilichobaki, kona kwa kona, akainuka kwa taabu na kukiweka juu ya friji, mahali anapowekea chakula cha mtu ambaye bado hajarudi. Kisha akaniuliza nimekula nini tangu asubuhi.